Kilichofika Mtambwe

Dodoso lina safu nne: Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania.
Pemba imo ndani ya Tanzania,
Mtambwe imo ndani ya neno "vijijini",
nami nimo ndani ya fulana yenye nembo
ya kampuni ambayo bosi wake sijapata kumwona.

Bi Zuwena hakuacha kuchambua.
Karafuu huku, makonyo kule,
kiganja cheusi kama kitako cha chetezo.
"Uliza, mwanangu. Mikono haisikii."

Una akaunti ya benki?
"Ninazo tatu," akasema.
Nikafurahi, nikabonyeza NDIYO.
Kumbe alikuwa anahesabu wanawe.

"Time yuko Likoni. Kule simu inakukopesha
usiku wa manane, hata hujamaliza kuomba.
Asubuhi inakudai kama mtu mliyegombana.
Mimi shilingi zao sizijui, napima kwa sukari:
akituma kilo kumi, hapa hufika tisa.

Kombo yuko Kampala, anauza vipuri.
Benki yake ina kiyoyozi na mlinzi mwenye bunduki,
na kila mwezi inamkata fedha
kwa kazi ya kumtunzia fedha."

"Sukari?" nikauliza. Nilishaacha kusoma kioo.

"Kumi, zikafika nane na kibaba.
Chumu yuko Kigali kwa mumewe.
Huko nasikia kila kitu safi, hata foleni.
Kumi, tisa na nusu.
Lakini Chumu hutuma mara moja kwa mwaka,
sasa hiyo nusu niifanyie nini?"

"Na hapa kwetu?" Safu ya nne.

Akanyoosha kidevu upande wa barabara,
kwenye kibanda cha Faki wakala,
mwavuli umepauka, kibao kimeandikwa kwa chaki:
FLOTI HAKUNA.
"Hapa fedha hufika nzima," akasema.
"Ila haitoki."

Kishikwambi hakina kisanduku cha sukari.
Kina moja mpaka tano, umeridhika kiasi gani,
na tisini na tisa: "Nyingine, fafanua",
herufi ishirini tu.
Nikaandika: sukari. Nikafuta.
Nikaandika: mama ana watoto watatu.
Nafasi ikaisha kwenye "wata".

Swali la mwisho: Ukipata dharura, utakopa wapi?

Hakuwahi kujibu. Bando langu likakatika,
dodoso likazunguka, likazunguka, halikwenda.
Malipo yangu ya wiki iliyopita
yako njiani tangu wiki iliyopita.
Bi Zuwena akanitazama usoni,
akaingiza mkono kwenye kopo la maziwa ya unga,
akatoa elfu mbili inayonuka karafuu.

"Riba je?" nikamtania.
"Astaghfirullahi! Utarudisha ukirudi."
"Na nisiporudi?"
"Mamako nani?"
Nikamtaja.
"Wa Kojani?"
"Wa Kojani."
Akarudi kwenye makonyo yake. Mkopo umeshapita.

Faki, asiye na floti, alikuwa na vocha.
Nikasimama chini ya mwavuli wake, dodoso likaenda
Nairobi, au kokote linakokwenda,
Mtambwe ikalinganishwa na dunia.

Lile swali la mwisho nilikuwa nimeliacha wazi.
Mashine ikalijaza yenyewe:
*Hajui.*