Buluu ya Chuma

Miaka thelathini na minne nilifua ovaroli zake.
Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili kijivu,
ya tatu nikasema basi,
maana chuma cha Kiruna hakitoki nguoni,
kinajificha tu kwenye pindo.
Ragnvald alicheka: ukinifua sana, Gunvor,
nitakuwa mwepesi, upepo unichukue.

Mwezi wa kumi na moja, mezani, akaniambia:
nipe theluji.
Nikampa chumvi. Hatukusema lolote.
Kesho yake aliiita treni shangazi,
na mkono wake wa kulia ukawa mgeni,
umekaa pale, haujui pa kujiweka.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa,
na nguo nilizifua.

Huku kwetu mji mzima unahamishwa.
Mgodi umekula ardhi chini yetu;
nyumba zinapakiwa juu ya malori, mapazia yakining'inia,
zinasogea mwendo wa konokono.
Nilimuuliza daktari: na kichwa,
hakipakiwi lori kikaliacha shimo lake?
Alikuwa kijana. Alitazama viatu vyake.

Umeå, basi. Siku thelathini za mionzi.
Walimfinyangia kinyago cha plastiki chenye matundu,
wakakibana mezani na yeye ndani,
akitoka, shavu lina alama za wavu hadi saa ya chai.
Bandu bandu huisha gogo, nilijisemea kila asubuhi
nikimshikia koti.
Siku ya thelathini gogo lilikuwepo.
Kufikia Machi lilikuwa limechipua.

Wakampasua mara ya pili. Tuulikki Aikio wa maabara
akanikaribisha: si lazima, alisema, ila ukitaka kuona.
Kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu.
Tumekipaka rangi inayokijua chuma,
palipo na chuma patakuwa buluu.

Nikainama.
Palikuwa buluu.

Seli hizi zina njaa, alisema.
Zimefungua milango kuliko jirani zao,
damu ikipita inatozwa ushuru wa chuma.
Kisha zinakitia ghalani, kikalala.
Mionzi ikipiga, maji ya mwili hutoa cheche,
cheche ikikuta chuma kinazurura, huzaa cheche nyingine,
na hapo seli huungua.
Lakini iliyofunga ghala lake vizuri
huinama, tunapita, na asubuhi huamka.

Nilielewa. Niliolewa na mchimbaji;
najua baruti iliyo stoo
na baruti iliyo mkononi si baruti moja.

Kwa hiyo mnatafuta ufunguo?
Ndiyo. Tulifungue ghala, chuma kitoke chote kwa pamoja,
mafuta ya utando wake yaoze
kama siagi iliyosahauliwa dirishani,
ife kwa shibe yake yenyewe.
Na inawezekana?
Kwenye visahani, ndiyo. Kwa panya, mara nyingine.
Kwa mtu?
Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Sikumlaumu. Nilimwomba tu nitazame tena.
Sikujua kama namtazama adui au mume wangu:
nyama ilikuwa yake, chuma kilikuwa chake,
pengine kimetoka kwenye soseji za damu
nilizomkaangia mimi mwenyewe, kila Alhamisi,
apate nguvu.

Sasa tuko nyumbani.
Saa saba na nusu usiku mgodi unalipua,
kitanda kinatetemeka kidogo, glasi inagonga glasi.
Ragnvald, ambaye jina langu limeshamtoka,
anafumbua macho gizani:
hiyo imepasuka vizuri, anasema,
hiyo imefika ndani.

Na jana, mezani, tena:
nipe theluji.
Safari hii nikachukua bakuli, nikatoka nje na kandambili,
nikamletea theluji yenyewe.
Akaionja kwa ncha ya kijiko. Akafikiri sana.
Hii, akasema, haina chumvi.