Kinga

Mwalimu wa binti yangu alisomea Kigoma,
basi Jumatatu Mwape karudi na daftari
lenye mstari mwekundu chini ya neno letu.
Si kinga, ameandika. Ni baiskeli.
Kinga ni kitu kinachokukinga.

Nimekubali, mwalimu. Ila hapa Lubumbashi
babu yangu aliinunua kwa jina hilo
nami naipanda kwa jina hilo hilo.
Haina kosa. Haina pia breki ya nyuma.

Saa nane za usiku naliacha tanuru,
barabara ya Kasumbalesa,
magunia matatu ya makala mgongoni mwake
yamefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu:
wageni watatu wanene, hakuna anayeshuka mlimani.
Mlima nasukuma. Shingo chini, ndala zateleza,
nahesabu pumzi hadi mia, naanza tena moja.
Kichuguu cha kwanza. Kichuguu cha pili.
Vumbi ni jekundu hata gizani, ulimi walijua.

Halafu malori.
Yanakuja mbele yangu na shaba yao, yakienda mpakani,
taa mbili, taa sita, taa zisizo na adabu,
na upepo wake unafika kabla, unanisukuma mtaroni
kama mtu anayetafuta nafasi kanisani.
Madereva wengi ni wa ng'ambo. Kwao hupita kushoto.
Akiwa macho, anakumbuka sheria yetu;
akisinzia, mkono unarudi nyumbani kabla yake,
na nyumbani kwake ni upande wangu.

Ndivyo alivyokutwa Numbi, mwezi wa tano.
Makala yake yalitapakaa hadi majanini.
Kina mama walifika na mabeseni kabla ya polisi,
wakaokota kimya, vipande vikubwa kwanza.
Siwalaumu. Usiku ule watoto wao walikula cha moto.
Kinga na kinga, wazee walisema, ndipo moto uwakapo:
kumbe neno lina tumbo kubwa, mwalimu,
hata ukuni unaofuka umo humo ndani.
Gurudumu lake la mbele halikupinda hata njiti.
Mjane alinipa; namlipa nusu gunia kwa mwezi.
Ndilo linalonitangulia sasa.
Kila mahali, Numbi anafika kwanza.

Lakini usinihurumie mno. Njoo saa nne asubuhi,
makala yameuzwa soko la Kenya,
uone kinga isiyo na mzigo!
Inaruka kama mbuzi aliyekata kamba.
Naachia mikono yote miwili, shati linajaa upepo,
maua ya jakaranda yananasa kwenye jasho
na mimi, mweusi wa masizi, nageuka zambarau.
Gari la vioo vyeusi, lenye kibendera, limekwama kwenye foleni:
nalipita.
Narudi, nalipita tena.
Polisi wa barabara akanisimamisha: Kengele iko wapi?
Nikalia ngiri-ngiri kwa mdomo.
Akacheka hadi kofia ikaanguka,
akachukua faranga elfu moja hata hivyo.

Jumapili Mwape ameokota pakiti za maziwa ya unga,
akageuza upande wa ndani, ule unaong'aa,
akashona vipande kwenye koti langu.
Nilidhani angeanza mgongoni. Hapana, baba,
si ulisema wanatoka mbele?
Sindano ilimchoma mara mbili. Alinyonya kidole, akaendelea.
Kazi ya daftari hakuimaliza, utamsamehe.

Usiku huu, baada ya kichuguu cha pili,
lori la kwanza liliponimulika
kifua changu chote kikawaka.