Sijui, kwa Penseli

Kwenye droo ya nne, chini ya risiti za asidi,
nilikuta slaidi ya mwaka themanini na tatu.
Mwandiko wa Etelka, mdogo, bahili wa karatasi:
Lókút, tabaka la kumi na saba, gumegume jekundu.
Na pale panapokaa jina la kiumbe
ameandika kwa penseli: Sijui.

Chembe moja tu, gundi imeishika ubavuni.
Kwa macho matupu ni vumbi; ungeipuliza ukanywa kahawa yako.
Chini ya hadubini, jumba.

Mlima ule ulikuwa sakafu ya bahari
kabla Hungaria haijapata mtu wa kuiita Hungaria,
kabla ya ua, kabla ya nyuki wa kulijia.
Juu, penye mwanga, vijidudu vya kioo
vilikula, vikagawanyika, vikafa,
vikashuka kama mvua isiyolowesha,
miaka elfu kwa unene wa sarafu.
Leo mlima huohuo unasagwa kokoto za barabara ya Zirc.

Mmoja si spishi, aliniandikia mhakiki.
Mmoja ni ajali. Mmoja ni kilema.
Mmoja ni mtoto wa jirani aliyepotea njia.
Alikuwa na haki, nikamchukia wiki nzima.

Bwana Dömötör wa machimbo alinipa siku mbili.
"Chukua, daktari, ila usisimame njia ya lori."
Hakuuliza ni za nini. Mkewe aliuliza.
Nilimwambia. Alicheka hadi akashika kiuno,
kisha akaniletea mkate wa mafuta ya nguruwe na kitunguu.

Asidi inayokula kioo haina rafiki:
ukiipa usiku mmoja, inakufungulia mlango;
ukiipa miwili, inakula na wenye nyumba.
Nikasuuza, nikachekecha, nikaokota
kwa brashi ya nywele tatu, tangu theluji ya kwanza
hadi matope ya Machi.
Kumi na mmoja.

Maelezo rasmi hayapendi vitenzi:
Ganda la duara, na jingine ndani yake.
Miiba minne, kila mmoja na mifereji mitatu.
Mitatu wima. Wa nne mshazari,
ncha yake kama kidole cha kumwita mtoto.
Shinani mwa kila mwiba, pete ya vitundu kumi na viwili.
Nilitaka kuandika: anaita.
Mhariri alikata hata kile kidole.

Jina la pili nilimpa Etelka,
na mkia wa Kilatini unaosema: wa mwanamke huyu.

Anakaa Veszprém, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Macho aliyamaliza kazini;
katikati ya kila anachokitazama pana doa jeupe.
Nilimpelekea kifani cha plastiki, mara mia tano,
kikubwa kama tofaa.
Alinawa kwanza, kama anayekwenda kula.

Akapapasa. "Huyu namkumbuka.
Alinichelewesha mazishi ya shangazi."
Nikamwambia jina.
Akanyamaza, birika likanguruma peke yake.
"Ungeacha Sijui. Lilikuwa jina la haki."

Kidole gumba kikazunguka pete, midomo ikimtembea.
"Kumi na vitatu."
Kumi na viwili, nikasema. Imeandikwa.
Akanisogezea kile kitu bila neno.
Nikahesabu kwa macho yangu mazima.
Nikahesabu tena kuanzia kwenye mwiba uliopinda.
Nikaweka alama ya wino, nikahesabu mara ya tatu.

Jarida lilikuwa mezani kati yetu,
bado linanuka mtambo wa chapa.
Akaniambia kuna penseli kwenye kopo,
pale karibu na chumvi.