Goti Zima Kwanza

Alianza na la kushoto.
"Siyo hilo, daktari. Bovu ni la kulia."
Daktari Aikande hakuinua kichwa:
"Najua. Huyu ni shahidi. Namhoji kwanza."

Kisha akauliza kuhusu mlio.
Ndiyo, niliusikia, tukishuka njia ya Mweka:
ka!
Nikageuka nyuma
nikidhani kuna mtu amekanyaga tawi.
Mzigo ulikuwa kilo ishirini kwenye karatasi,
mgongoni zaidi.
Kabla ya jioni goti limeumuka kama andazi.

Akashika paja kwa mkono mmoja,
muundi kwa mwingine,
akavuta.
La kushoto lilimjibu: basi, mwisho hapa.
La kulia halikusema kitu.
Mfupa ulimfuata kama mbuzi aliyekata kamba.

Nusu dakika. Nilimwona usoni amekwisha kusoma.

Eksirei ikasema mifupa mizima.
Bosi akafurahi. "Mifupa mizima, Ndewirwa, mbona unalala?"
Bosi haamini mikono.

Basi tukauza ndama,
nikasukumwa ndani ya lile pipa
linalogonga kama mafundi bati wa Pasua,
usitikisike, usikohoe,
na picha ikatoka ya kijivu:
pale pa kano ya mbele,
panapotakiwa ugwe mweusi ulionyooka,
ukungu mtupu.

Aikande akafungua faili,
akanionyesha mwandiko wake wa wiki tatu nyuma.
Maneno yale yale.
Hakujivuna.
Aliniuliza tu yule ndama alikuwa na miezi mingapi.