Mizani

Mwanangu Fermín ana miaka kumi
na mapigo tisini na sita kwa dakika
akiwa amekaa tu, hafanyi lolote,
kofia yake ya sufu mapajani.
Danica, muuguzi, aliiandika namba hiyo kwa kalamu ya kijani
kana kwamba kijani kingeipoza.

Shuleni wanamwita Kibonge.
Nyumbani nilimwita Mkate Wangu,
maana mimi ni mwokaji, saa tisa usiku niko kwenye unga,
na mkate uliobaki naurudisha nyumbani ungali moto,
na siagi, na jamu, na mapenzi yasiyojua kibaba.
Nani atanilaumu? Mama yangu alitugawia viazi kwa kuhesabu.
Nikaapa: kwangu mimi hakuna kuhesabu.

Kwenye kioo cha mashine nikauona moyo wake.
Si ule ninaoujua, wa kutiwa, wa kukatwa, wa kupigwa konde.
Huu ulikuwa msuli mdogo wenye vyumba vinne,
ukifungua milango na kuifunga
kama mtumishi aliyeitwa na kengele zote kwa pamoja.
Daktari akasema kuta za mishipa zimeanza kukakamaa,
mapema hivi, kabla hata sauti yake haijakomaa.
Akasema: atembee.
Nikauliza: na dawa?
Akasema: hiyo ndiyo dawa.

Atembee wapi, katika Punta Arenas hii
ambako Desemba upepo huvua watu miwani,
ambako hufungwa kamba kwenye kona za barabara
tushike tusije tukapeperuka?
Siku ya kwanza tuliishika kamba, mimi mbele, yeye nyuma,
na kwa mara ya kwanza maishani uzito wake ukamfaa:
watoto wembamba waliyumba, yeye akasimama.
Akacheka.

Halafu hakucheka tena wiki mbili.
Aliketi kwenye ngazi ya arobaini ya kilima cha Msalaba
akasema magoti yanaungua, akasema ananichukia,
akanionyesha minandi kule chini, kwenye gati bovu,
wamekaa kutwa juu ya nguzo
na hakuna anayewaambia watembee.
Nikaketi kando yake. Sikuwa na jibu, wala pumzi ya kujibia.
Ndipo nilipojua kwamba simpeleki popote;
tunakwenda.

Wiki ya tano, ngazi ya tisini.
Wiki ya nane alifika juu, akanisubiri.
Mwalimu Ulloa alikuwa amemweka golini, kisha akamtoa golini,
akampa winga ya kushoto.
Usiku ule alilala na viatu.

Wiki ya kumi na mbili, mizani.
Ya chuma, baridi kwenye nyayo.
Ikasema kilo zilezile, pungufu ya gramu mia nne:
mkate mmoja.
Nikahisi ngazi zote zikiporomoka ndani yangu.
Fermín alitazama vidole vya miguu yake
kama watu aliowaangusha.

Danica hakuitazama mizani.
Akamshika kiganja, akaikazia macho saa ya ukutani,
akanyamaza dakika nzima,
kisha akaandika kwa kalamu ileile: themanini na mbili.
Akatuwashia kioo. Mshipa wa shingo ulitanuka, ukarudi,
ukatanuka, ukarudi,
kama unga uliokandwa ukakandika:
ukiubonyeza kwa kidole, unakumbuka umbo lake.
Hilo nalijua. Hilo sihitaji kuelezwa.

Bado ni Kibonge kwa baadhi yao.
Bado naleta mkate, ila nusu,
na kuna siku tunagombana juu ya nusu hiyo
mpaka jirani anagonga ukuta.
Kuna siku mvua ya barafu inanyesha kwa ubavu
na hatutoki, tunacheza jikoni, meza imesukumwa pembeni,
vikombe vinalia kabatini.

Usiku, kabla sijaenda kwenye unga wangu,
namwekea sikio kifuani.
Anasema, Mama, unanitekenya.
Nyamaza, namwambia.
Mimi niliyeapa kutohesabu,
nahesabu.