Aliyepiga Ni Mimi

Mimi nilikuwa mpiga picha wa harusi
na wa maiti waliovishwa vizuri.
Studio yangu ilikuwa juu ya kinyozi Lemuel,
harufu ya poda yake ikipanda mpaka kwenye dawa zangu.
Mji wetu wa Harlan Springs, huko Georgia,
ulinijua kwa jambo moja: kuwaambia watu watabasamu.

Jumanne ile wakaniomba niende maktaba.
Si yetu. Sisi tulikuwa na rafu moja nyuma ya kanisa
na kamusi iliyoishia herufi ya R.
Ile ya wazungu, ya matofali, yenye nguzo nne
na kibao mezani: KIMYA.

Wakaingia tisa.
Walikuwa wamefundishwa wiki tatu:
ukitukanwa, endelea kusoma;
ukimwagiwa kitu, funika kitabu kwanza, macho baadaye.
Kila mmoja akavuta kilichokuwa karibu na mkono, akaketi.
Ozella Tarpley, miaka kumi na sita, soksi nyeupe,
bahati ikampa kitabu cha ufugaji wa nyuki.

Hakuna aliyepiga kelele.
Hakuna aliyepiga meza, wala teke,
wala mluzi, wala hata chafya.
Upande wetu aliyepiga ni mimi peke yangu:
nilipiga picha.
Na kila nilipobonyeza, kamera ilialika
kama njugu inayovunjwa msibani,
Bibi Thornwell, mtunza vitabu, akageuka kunikazia macho
kana kwamba mvunja sheria pale ndani ni mimi.

Akazima taa, akidhani giza litatutoa.
Ukabaki mwanga wa dirisha moja, mwembamba,
nao ukaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa Ozella.
Nikafungua lenzi mpaka mwisho. Nikashikilia pumzi.

Kisha polisi,
wakipayuka chini ya kibao kile kile.
Mmoja akamkamata Cleophus kwa kola, kiti kikaenda naye.
Cleophus alikuwa ameweka alama kwenye kitabu chake,
kijikaratasi cha peremende, niliona.
Hapo vidole vyangu vikataka kuwa ngumi.
Mimi sikuhudhuria zile wiki tatu.
Nikapiga. Nikazungusha filamu. Nikapiga.
Ilipoisha bado nilikuwa nabonyeza
kwa kukosa mahali pengine pa kuweka mkono.

Nikaitoa nje ndani ya soksi, kisiginoni,
nikichechemea kama mzee.
Usiku nikazisafisha picha.
Neno gani hilo, kusafisha,
kana kwamba yale yangetoka kwa maji.
Kwenye hasi polisi walikuwa weusi tititi
na Ozella mweupe kama barafu.
Nilicheka peke yangu gizani,
kisha kicheko kikanikwama kama mfupa wa samaki.

Gazeti la kaskazini likanunua ile ya kiti kinachoanguka.
Ya Ozella anasoma wakairudisha.
"Humu hakuna kinachotokea," waliandika,
kwa wino mzuri wa buluu.

Siku ya kumi na mbili akaja, ametoka mahabusu,
goti limevimba, hataki kiti.
Nikadhani anataka kujiona.
Akauliza: "Ukurasa unasomeka?"

Nikaikuza picha. Nikaikuza tena,
mpaka uso wake ukatoka nje ya karatasi,
yakatoka mabega, ikatoka kola ya nguo ya Jumapili,
ikabaki mistari michache ya chembe za kijivu.
Akainama na kioo cha mkononi, akasoma polepole:

"Nyuki wanaohama huwa wapole kuliko siku zote,
unaweza kuwashika kwa mikono mitupu,
kwa sababu"

na hapo palikuwa na kidole gumba,
chake mwenyewe, ukucha umekatwa vizuri,
kimelala juu ya sababu.

Tukatazamana.
Chini, Lemuel alikuwa anafagia nywele za watu.