Ua Lisilonuka

Aboud, mwana wa kaka yangu, alirudi kutoka Limuru
na bahasha ya kaki, ndani mbegu thelathini
nyembamba kama kucha za paka,
juu imeandikwa kwa penseli: ekinasia.
"Shangazi, kwanza zataka baridi."
Baridi? Hapa Langoni,
ambapo hata kivuli hutoka jasho?

Nikazikunja katika kitambaa kibichi,
nikazilaza frijini wiki sita
baina ya vipande vya nguru na mtindi wa Famau.
Kila asubuhi mume wangu huyo akifungua mlango
akiuliza, "Wanangu hawajaamka?"
Umeme ulipokatika nilinunua barafu,
nikakesha nazo kama nina mgonjwa.

Udongo wetu ni mchanga na unga wa matumbawe.
Nilitoka kabla ya adhana ya alfajiri,
nimejifunika uso,
kuokota samadi ya punda vichochoroni.
Maji ya kisima yana chumvi. Nikazipa ya mvua,
yale niliyokuwa nimeyaweka ya kunywa.
Zikaota kumi na moja.
Paka akalalia tatu.

Mwaka mzima, majani tu,
ukiyapapasa yanakwaruza.
Mwaka wa pili, siku naanua kanga,
nikaliona: ua katikati ya ua,
zambarau iliyofuliwa mara nyingi,
petali zimeshuka kama mabega ya aliyetua mzigo,
na kichwani pake kalunguyeye mdogo,
rangi ya chungwa, miiba juu.

Wakaja majirani. Kila mmoja akainama,
akavuta pumzi, akainuka.
"Halinuki."
Kwa mji huu, ua huhojiwa na pua kwanza.
Asumini ina nywele zake, mrehani una kikuba chake,
mkadi una sanduku la nguo.
Hili utaliweka wapi?
Sikuwa na jibu. Nikawapa kahawa.

Julai Famau akashikwa na kikohozi.
Aboud alisema dawa iko mizizini,
na mizizi haichimbwi kabla ya mwaka wa tatu.
Nilishika jembe. Nililishika kweli.
Famau akaniita dirishani, sauti imekwaruzika:
"Acha. Mtu hang'oi mtoto ili apone mafua."
Basi nikachuma majani na maua mawili,
nikachemsha, nikatia tangawizi na asali.
Alikunywa, ulimi ukamfa ganzi,
akaapa nimemwekea sumu.
Siku ya tano kikohozi kilikwenda zake.
Ni ua, ni tangawizi, au siku tano zenyewe?
Sijui, na sitamdanganya mtu.

Aliyebaki kuja ni Khuleta.
Mtaa mzima ulikuwa ukimwita yeye kusuka vikuba,
mpaka ule mwaka wa barakoa
homa ilipompita ikaondoka na pua yake.
Mpe asumini, atakwambia umempa karatasi.
Harusini haendi tena.
Anasema ni kama kusimama nje ya nyumba yako
ukisikia wageni wanakula ndani.

Hakuinama. Alinyoosha mkono tu,
vidole vile vilivyojua kutunga gizani,
akavipitisha juu ya kalunguyeye,
polepole, kwenda na kurudi.
"Lachoma," akasema. Akacheka.
Akagusa tena.
"Hili halinifichi kitu."

Tukakaa chini, juu ya jamvi,
mpaka kahawa ikapoa.
Kila baada ya muda mkono wake ulikwenda pale peke yake,
kama mtu aendeleavyo kugusa jino jipya kwa ulimi.

Vichwa vilipokauka vikawa vyeusi,
nilimkatia viwili. Alivipukuchua mwenyewe,
vikamtoboa, hakulalamika.
Sasa ziko kwake, frijini,
nyuma ya chupa ya achari.
Jana kanipigia simu mara mbili:
"Mbona haziamki?"
Khuleta, nikamwambia,
leo ni siku ya nne.